Anza na Goti: Ninavyounda na Kukagua Sanamu za Viungo Hapa Iringa

Kamwene. Kabla ya sanamu nilitengeneza meno ya bandia kwa miaka kumi na moja, kwenye maabara moja hapa mjini. Jino likizidi hata robo ya milimita, mwenye mdomo anajua pale pale anapong'ata. Mkono uliozoea kazi hiyo ndio ninaotengenezea leo sanamu ndogo zenye viungo, zile vijana wanazoziita akshen figa: unaikunja goti, unaiinua mkono, unaiweka kabatini na inakaa vile vile ulivyoiacha. Nazitengenezea Kihesa, katika chumba kimoja cha uani, arobaini kwa kila toleo, na kila moja ina namba yake chini ya unyayo.

Vijana wengi wananiuliza waanzie wapi, na karibu wote wananitumia picha ya uso. Uso unavutia kweli, na nguo zimepambwa, lakini ukitafuta kiwiko kitakunjika namna gani hukioni. Mimi nawaambia waanze na goti. Uso utakuja, una muda wake. Sanamu nzuri ya uso ambayo mkono wake unashuka wenyewe usiku, mnunuzi ataiamsha mara tatu, ya nne ataifungia kwenye boksi.

Kwanza, itafanya nini?

Toleo langu la kwanza ni askari wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walijificha wakaungoja msafara wa Wajerumani uliokuwa chini ya Emil von Zelewski uingie katikati yao, kisha wakauvamia. Zelewski aliuawa hapo hapo. Sasa mtu anayevizia amechutama. Kwa hiyo askari wa Lugalo asiyeweza kupiga goti, hata umpe ngao ya namna gani, kwangu huyo si askari wa Lugalo. Nilikwenda makumbusho ya Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini, kuitazama mikuki, nikarudi na daftari lenye michoro ya mikono tu: mkono unaushika mpini wapi, na kiganja kinageukia upande gani mkuki unapopanda juu ya bega.

Fanya hivyo na wewe. Andika mikao mitatu ambayo mtu wako lazima aiweze, mitatu tu, ndipo uhesabu viungo. Wangu alitakiwa achutame, ainue mkuki, akimbie. Nikapata viungo 16: shingo, kiuno, mabega mawili, mizunguko miwili juu ya kiwiko, viwiko viwili, viganja viwili, nyonga mbili, magoti mawili na vifundo viwili vya mguu. Hasbro ya Marekani ilipotoa askari wake wa kwanza wa G.I. Joe mwaka 1964, wa sentimita 30 hivi, ilijivunia sehemu 21 zinazocheza. Kenner, ya huko huko, mwaka 1978 ilileta sanamu za sentimita 9.5 ambazo nyingi zilikuwa na viungo vitano: shingo, mabega, nyonga, basi. Zote zilipendwa sana. Usishindane kwa idadi, maana kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kulegea na pa kupasuka.

Mama mchuma chai wa Mufindi, toleo la pili, alinifundisha zaidi. Nilisimama pembeni ya shamba tangu umande haujakauka nikiwatazama wachumaji. Vidole vinakata majani mawili na chipukizi lake, viganja vinajaa, halafu mkono unarusha nyuma ya bega hadi kwenye kikapu mgongoni bila mama kugeuza kichwa. Mwendo huo wa kurusha ndio mchuma chai mwenyewe. Kiwiko chenye pini moja hakiufikishi, kwa sababu kikifika nyuzi 90 hivi nyama ya mkono wa mbele inagonga ya juu. Ukiweka pini mbili, na kipande kifupi katikati yake kama pingili, unafika 140, na kiganja kinavuka sikio. Bega nalo niliongezea bawaba ya ndani, ili mikono miwili ikutane mbele ya kifua kwenye kichaka cha chai. Miguu haikuhitaji mengi: amevaa kitenge, na juu yake aproni ya nailoni ya kuzuia umande, hivyo magoti nikayaacha. Viungo 14, na simuonei huruma kwa hilo. Amepata alivyovihitaji.

Ukubwa ninaotumia ni moja ya kumi na mbili. Mtu wa sentimita 175 anakuwa 14.6, na mkuki wa mita mbili unakuwa karibu 16.7. Mahali pamoja nadanganya kwa makusudi, nayo ni nyayo. Unyayo halisi ungekuwa sentimita 2.2, mimi nauweka 2.5. Jicho halioni tofauti, lakini askari anayekimbia anasimama bila kigingi.

Kalibu na akriliki

Nachonga kwa nta ya maabara ya meno, kwa sababu inakubali kurekebishwa kwa kisu cha moto. Mwili nauchonga mzima ukiwa umesimama wima, kisha naukata kwenye viungo kwa msumeno mwembamba. Kila kipande kinapata kalibu yake ya silikoni ya pande mbili, iliyozungushiwa plasta nje ili isijipinde. Mshono wa pande mbili upitishe ndani ya paja na ndani ya mkono, mahali ambapo macho hayaendi kwanza.

Hapa nisikilize vizuri. Ile silikoni isiyonywea, inayogandishwa kwa platini, haipatani na salfa. Glovu za mpira wa kawaida zina mabaki ya salfa, na baadhi ya udongo wa kufinyangia pia. Kijana wangu wa kazi alikanda silikoni akiwa amevaa glovu hizo, na kalibu ya mgongo wa mama mchuma chai ikabaki inanata kama asali upande mmoja. Tuliitupa yote. Tumia glovu za vinili au za nitraili, na jaribu tone moja la silikoni juu ya kila kitu kipya kabla hujamwaga kalibu nzima.

Akriliki ninayomimina, plastiki ya meno ya bandia, ni ile ya unga na kimiminika chake, inayokaza bila kuchemshwa. Kimiminika hicho kinawaka moto upesi na mvuke wake unachoma macho na kifua, kwa hiyo dirisha liwe wazi na jiko liwe mbali, hata kama ni Julai na baridi ya Iringa inaingia hadi kwenye mifupa. Baridi hiyo inachelewesha kukaza. Asubuhi za kipupwe naweka unga, kimiminika na kalibu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwanza, vikiwa vimefungwa vizuri visiguswe na maji. Halafu naingiza kalibu iliyojaa kwenye chungu cha presha cha maabara, maji ya nyuzi 45, presha ya bar 2, na mapovu yanasagika yasionekane. Nilikinunua kuukuu, kikiwa na geji na vali yake. Tafadhali usitumie sufuria ya presha ya jikoni ukiijaza upepo kwa pampu. Haikutengenezwa kwa mzigo huo, na mfuniko ukiruka unaweza kukuua.

Akriliki ikikaza inanywea kidogo. Kipande cha milimita 40 mimi nakipata 39.8, na siku nyingine 39.9. Ndiyo maana sitengenezi matundu ya pini ndani ya kalibu. Natoboa baadaye, kila kipande kikiwa kimetulia siku mbili, kwa drili ya mkononi. Karibu na pini acha ukuta usiopungua milimita 2.5, na kona za ndani zizungushe, zisiwe kali, kwa sababu akriliki inaanzia kupasuka kwenye kona. Viwanda vikubwa havina shida hii sana: vinapiga plastiki ngumu ya ABS kwenye mwili, plastiki laini ya PVC kwenye nguo na nywele, na mara nyingi POM kwenye viungo, plastiki inayoteleza na isiyochoka upesi. Sisi tuna akriliki, basi lazima utelezi tuulete kutoka kwingine.

Kiungo chenyewe

Pini zangu ni spoki za baiskeli. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, ni chuma kizuri, na sokoni Iringa haikosekani. Upande unaoshika natoboa 1.9, spoki iingie kwa kusukumwa. Upande unaocheza natoboa 2.1. Mabegani na nyongani natumia ile ncha yenye uzi pamoja na kile kinati kidogo kinachoikazia kwenye ringi. Spoki moja inapita kifuani kutoka bega hadi bega, nati inajificha chini ya nguo, na mnunuzi anaweza kukaza mwenyewe baada ya miaka.

Kinachoushikilia mkono hewani ni washa, kile kiduara bapa chenye tundu, iliyobanwa kati ya bega na kifua, pini ni njia tu. Washa hiyo imenigharimu usingizi. Mwanzoni nilikata ngozi ya mbuzi, nyembamba na laini, na hapa Iringa zilikaa vizuri kabisa. Arobaini zote zikapita ukaguzi. Wiki tatu baadaye akanipigia kijana mmoja wa Dar es Salaam.

"Shikamoo mama. Samahani sana. Bega limebaki mkononi mwangu."

"Marahaba, baba. Uliliangusha?"

"Hapana mama. Lilikuwa gumu, nikalizungusha, likalia tii."

Siku ile ile wa pili naye alipiga, naye yuko Dar. Nilikaa na daftari hadi usiku. Ngozi inakunywa unyevu. Huku juu, kwenye mita zaidi ya 1,500, wakati wa kiangazi hewa ni kavu. Basi likishuka Kitonga, likapita Mikumi na Morogoro hadi pwani, ngozi ile ile inavimba, washa inabana, na mtu anayepindisha kwa nguvu anapasua ukuta wa akriliki. Nilikuwa nimekagua kiungo kwa hali ya hewa ya chumbani kwangu. Wote wawili niliwatengenezea mabega mapya, na wengine waliobaki niliwapigia mmoja mmoja.

Sasa natumia dumu la mafuta ya kupikia. Ile plastiki nyeupe yenye ugumu wa kati hainywi maji, inateleza, na inakatika vizuri kwa panchi ya fundi viatu. Osha dumu kwa sabuni mara mbili, kata vipande bapa, piga panchi ya milimita 8, toboa katikati. Ina tabia moja: ikibanwa, siku za kwanza inajilegeza taratibu, kwa hiyo kaza, subiri siku mbili, kaza tena robo mzunguko. Uzi wa spoki weka nta ya nyuki kidogo ili nati isifunguke kwa kuzungushwazungushwa. Vijana wananiambia rangi ya kucha inashika zaidi. Inashika, lakini kimiminika chake kinashambulia akriliki, na baada ya muda utaona nyufa ndogo kama utando wa buibui zinazunguka tundu. Tina ya rangi inafanya hivyo hivyo.

Ukazo usiwe sawa mwili mzima. Kifundo cha mguu kinabeba kila kitu kilicho juu yake, kwa hiyo ndicho kigumu kuliko vyote. Nyonga na goti vinafuata. Bega lenye mkuki likaze kuliko lisilo na kitu. Shingo iwe laini, maana watu wanaigusa kila siku.

Kuhusu rangi nitasema machache, mafundi wa rangi wapo wanaonizidi. Tumia rangi ya maji, koti jembamba mara tatu, na paka kabla ya kuunganisha. Sehemu zinazosuguana usizipake kabisa, zifunike kwa tepu, na acha nafasi ya milimita 0.3 kati ya paja na nyonga la sivyo rangi itachubuka wiki ya kwanza. Subiri saa 48 kabla ya kuunganisha. Sanamu nyingi za viwandani zinazofika kwa mnunuzi zikiwa na kiungo kilichogoma zimegandishwa na rangi iliyoingia ndani ya kiungo. Ukinunua ya PVC iliyogoma, iloweke kwenye maji ya moto dakika moja au mbili halafu ichezeshe polepole, usiivunje kwa hasira.

Macho paka asubuhi, yote mawili kabla hujagusa kichwa kingine.

Ukaguzi

Viwanda vinatoa maelfu kwa siku, hivyo vinachukua sampuli na kuamua mzigo mzima kwa idadi ya makosa yaliyopatikana. Mwenye arobaini hana sababu ya kuchukua sampuli. Kagua zote. Kitu kimoja cha viwandani ninachokiiga ni sampuli mama: sanamu moja iliyokamilika, haiuzwi, na kila nyingine inalinganishwa nayo pembeni kwa pembeni. Bila hiyo, ya arobaini itafanana na ya thelathini na tisa, lakini haitafanana na ya kwanza.

Naanza kwa sikio. Chumba kimya, redio imezimwa, nazungusha kila kiungo mara kumi. Kiungo kizima kinatoa sauti moja ya chini. Kikilia kama mchanga, vumbi la drili limebaki ndani. Kikitoa tii, ukuta umeanza kupasuka na hapo hakuna kurekebisha, kipande kinatupwa. Baada ya hapo askari anainua mkuki, mkono umenyooka mbele kabisa, na nachora mstari wa penseli ukutani kwenye ncha. Narudi baada ya saa 24. Ncha ikishuka zaidi ya milimita 3, anarudi kwenye benchi. Mama mchuma chai analala akiwa amerusha mkono nyuma.

Tangu yale mabega ya Dar nimeongeza usiku wa unyevu. Sanamu tatu za kila toleo zinafungwa kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na taulo lililolowa maji ya moto lisilozigusa, hadi asubuhi. Zikitoka nazungusha tena kila kiungo kabla hazijapoa. Moja katika kila kumi naidondosha kutoka usawa wa kiuno changu hadi kwenye sakafu ya saruji, mara nne: kichwa, mgongo, upande, miguu. Hiyo haiuzwi tena hata ikitoka salama.

Makosa nayagawa mafungu matatu. La kwanza ni la kuzuia: kitu kilichochomoka, ncha kali, akriliki yenye harufu kwa sababu haikukaza vizuri. Moja tu linasimamisha toleo zima hadi nijue chanzo. La pili ni la kurudisha benchi, kama kiungo kilicholegea au mshono unaoonekana. La tatu ni doa ambalo nalijua mimi tu. Doa la namna hiyo naliacha, lakini naliandika.

Nazo si za watoto wadogo, sema hivyo wazi kwenye boksi. Kuna kipimo kinachotumika nchi nyingi kwa michezo ya walio chini ya miaka 3: kikombe cha upana wa milimita 31.7, na chochote kinachoingia chote ndani yake kinahesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Nimekata kipande cha bomba nikakifanya kipimo hicho. Viganja, mkuki ukivunjika vipande, hata kichwa, vyote vinaingia. Kwa hiyo ncha ya mkuki wangu ni butu kama kichwa cha kijiti cha kiberiti, na boksi linasema ni kwa wakusanyaji watu wazima. Mnunuzi akiniambia ni zawadi ya mjukuu wa miaka miwili, namrudishia pesa yake kwa heshima na kumwelekeza kwa mafundi wa magari ya mbao.

Boksi linafungwa na vitu vitatu vya ziada: washa mbili za dumu, nta ya nyuki kiasi cha punje ya mahindi, na ufunguo mdogo wa nati ya spoki. Karatasi inaeleza kukaza robo mzunguko, kisha kusubiri. Namba ya sanamu, tarehe niliyoikaza mara ya pili na doa lake, kama lipo, vinaandikwa kwenye daftari langu na kwenye karatasi ya mnunuzi, maneno yale yale.

Sampuli mama ya askari ipo kwenye rafu juu ya dirisha, amechutama tangu Juni mkuki ukiwa chini. Kila tarehe mosi nampima kutoka kisogoni hadi kwenye ubao kwa rula ya chuma. Jumla ameshuka milimita mbili, zote goti la kushoto. Goti hilo lina washa niliyoikata ukingoni mwa dumu, mahali ambapo plastiki ilikuwa nyembamba. Tangu hapo nakata katikati tu.